Ulimi wa Kengele

Santa Inés Tlacotitla, 9 Agosti 1948

Dada yangu Veva,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na binti yako Amparo na wajukuu, na kwamba yule mdogo amepona koo. Sisi huku tunaendelea. Goti langu la kulia bado linalalamika nikipanda ngazi za kwaya, ila la kushoto limenyamaza tangu Pasaka, na ninamshukuru Mungu kwa hilo moja. Mume wangu Eleuterio anakusalimu. Anamimina mishumaa ya Kupalizwa, nyumba nzima inanuka nta, hata maharage yana ladha ya altare. Mpera wa Baba umezaa sana mwaka huu na ndege wamejua kabla yetu.

Sasa dada, nina jambo. Kaa chini kwanza.

Mwaka juzi nilikuandikia kwamba watu wa sinema walikuja kutoka mji mkuu na mashine zao, wakakaa siku nne kunasa sauti ya kengele yetu. Bárbara yule yule, mwenye ufa, anayelia kama bibi mwenye kikohozi. Nilidhani wanatania. Kengele zenye sauti nzuri zimejaa nchi hii, wamtakie nini mwenye koo bovu? Basi sinema yenyewe imefika. Don Fulgencio ameionyesha kwenye lile ghala lake la mahindi, Jumapili mbili mfululizo, saa kumi alasiri, na ile Jumapili ya kwanza nilikwenda.

Nilikwenda nikijua. Karatasi ilikuwa mlangoni pa kanisa, ile wanayobandika kila mwezi kutuambia sinema ipi ni ya watoto, ipi ni ya watu wazima, na ipi si ya mtu yeyote. Hii ilikuwa kwenye kundi la mwisho, na chini yake mstari mwekundu. Niliisoma mara mbili, nikafanya ishara ya msalaba, nikamwambia Eleuterio, "Vaa viatu, tunakwenda kumsikiliza Bárbara."

Akaniuliza, "Na macho je, tutayafumba?"

Nikamwambia afumbe ya kwake.

Nikusimulie, maana sijui kama imefika huko. Ni wakati wa vita, vita vile vyetu vya mapinduzi, mwaka wa kumi na nne. Kapteni mmoja anaingia mjini na amri ya kushusha kengele ya kanisa ikayeyushwe kuwa mzinga. Mpiga kengele ana binti, Jacinta, na huyo binti anawahi mnarani kabla ya askari, anaufungua ulimi wa kengele, anauficha. Kapteni anapanda, anavuta kamba, kimya. Anashuka jasho linamtiririka. "Ulimi uko wapi, binti?" Naye mikono kiunoni: "Ninao mdomoni, Kapteni, na huu hauyeyuki."

Ghala zima lilicheka, Veva. Nami nilicheka na medali ya chama cha Mabinti wa Maria ikining'inia kifuani.

Basi anaupekua mji mzima. Kisimani. Kitandani kwa bibi mgonjwa. Ndani ya chungu cha mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, mkono ukatoka mweusi mpaka kwenye kiwiko na askari wake wakapanga foleni kuulamba. Na kila anakopekua, binti yuko mbele yake anamwonyesha alikosahau. "Chini ya kuku hujaangalia, Kapteni." Na jitu zima lenye bastola linainama, linaangalia chini ya kuku. Mpaka hajui tena anautafuta ulimi au anamtafuta mwenye ulimi. Kuna busu huko mnarani, sikufichi, na paroko anayecheza karata na Kapteni, kengele ikiwa ndiyo dau, na anaiba karata. Nadhani ndiko mstari mwekundu ulikotoka.

Lakini mwisho, dada. Jeshi linaondoka. Kapteni ameiacha kengele na anajua wakubwa watamwadhibu kwa hilo. Yuko juu ya farasi, barabarani. Kanisani misa inaendelea. Inafika mageuzo, padri anainua Hostia, na pale, kumbe binti ameurudisha ulimi mahali pake, Bárbara analia mapigo matatu. Kapteni anashuka farasini, anavua kofia, anapiga magoti vumbini.

Na mimi nikapiga magoti. Sikufikiri. Maisha yangu yote Bárbara akilia mara tatu magoti haya hushuka yenyewe, hata nikiwa sokoni na kikapu cha mayai. Nilijikuta sakafuni kati ya viti nikijipiga kifua. Nilipofumbua macho, wanawake wa safu yetu wote walikuwa chini, na wa safu ya nyuma, wanaume kofia mikononi, na don Fulgencio mwenyewe mlangoni, ambaye misa huiona Krismasi kwa Krismasi. Eleuterio peke yake alikuwa bado kitini, kwa sababu alikuwa amelala.

Padri Leobardo alipata habari kabla sijafika nyumbani. Anasema tumeabudu shuka lililotundikwa ukutani. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyetangulia kushuka, tena ndiye ninayemvalisha Bikira wetu, ile sanamu ya kanisani, kila sikukuu yake ya Desemba, ananitaka nisimame mbele ya watu wote nisome maneno aliyoniandikia: "Niliona uchafu, nikaupigia magoti, naukana." Nisipoyasoma, funguo za kabati la Bikira nimkabidhi mwingine. Amenipa mpaka tarehe tano Desemba.

Tangu Mama afariki tumeandikiana miaka minane, Veva, na hatujawahi kuugusa mwaka ule ulipoondoka. Leo nauliza. Yule Jacinta anacheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Padri anasema huo ni uongo wa sinema, eti wanawake waliofuatana na askari walilia tu na kutenda dhambi. Mimi sijui mwingine aliyekuwako ila wewe. Mlikuwa mnacheka?

Mdogo wako,
Hermila


Los Ángeles, 2 Septemba 1948

Mila mdogo wangu,

Koo la mtoto limepona. Sasa anapiga kelele kutwa na tunaukumbuka ugonjwa. Amparo anakuamkia. Mimi bado nashona kola kiwandani, kola tu, shati zima silioni. Siku moja nitakutana na shati langu barabarani na sitalijua. Joto la huku mwezi huu ni la kuokea mkate.

Nimeiona hiyo sinema yako. Mara tatu. Mara ya kwanza Amparo alinipeleka, hizo nyingine nilijipeleka.

Ngoja nikupe makosa yake. Askari wote wana vifungo. Farasi wamenona. Binti ana viatu viwili na vinafanana. Hakuna hata mmoja anayejikuna. Mimi nimekaa na jeshi miaka mitano, na siku ya kwanza nisiyojikuna nilidhani nimekufa. Na kile chungu cha mole, mbele ya askari wenye njaa, kingekwisha kabla Kapteni hajakunja mkono wa shati.

Lakini pale pa kuku. Hapo mtungaji alikuwa na mtu wa kumwambia. Mwanamume mwenye bunduki anainama kwa sababu mwanamke amemwambia inama, na akiinuka ana manyoya kwenye masharubu na haoni aibu. Hayo hayatungwi. Nilicheka mpaka bibi wa kiti cha mbele akageuka akanipa peremende.

Kengele ilipolia hakuna aliyepiga magoti huku. Walikuwa wanakula. Mimi nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilimjua Bárbara kabla pigo la kwanza halijaisha. Miaka thelathini na miwili sijamsikia.

Swali lako sitalijibu. Usiniulize tena.

Kuhusu Padri wako, soma karatasi yake. Ndiyo, mimi nakuambia. Wewe una Bikira wako, una funguo zako, una mume asiyeamka hata kengele ikilia. Mimi nilijitia jasiri nikapoteza mji mzima. Ni mstari mmoja, Mila. Utamke haraka kama unavyomeza dawa chungu, urudi kwenye pini zako. Wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya sketi ya Mama bata mzinga akipita, ushujaa umeuokota wapi leo?

Dada yako,
Genoveva


Santa Inés Tlacotitla, 21 Septemba 1948

Dada Veva,

Salamu nyingi katika Bwana. Barua yako imenikuta nikitwanga pilipili na nikalia machozi mawili, ya pilipili na ya kucheka. Eleuterio nilimsomea habari ya vifungo. Akasema, "Sasa naelewa kwa nini sikumwamini yule Kapteni." Nikamwambia, wewe ulimwona dakika kumi.

Padri alikuja Alhamisi, na Doña Práxedes nyuma yake. Unamkumbuka, binti wa muuza chumvi. Sasa ndiye mkuu wa Mabinti wa Maria, na zile funguo za kabati ameziota tangu siku nilipopewa. Nikawamiminia chokoleti.

"Binti yangu Hermila," akasema Padri, ambaye ana miaka thelathini na mitatu, "moyo wako uko tayari?"

"Moyo uko tayari, Padri. Ulimi ndio unaokataa."

"Sinema ile inadhihaki kengele iliyobarikiwa."

"Umeiona, Padri?"

"Sihitaji kunywa sumu ili nijue ni sumu."

"Mimi nimeinywa, Padri, na ndiyo kwanza nakumiminia chokoleti."

Doña Práxedes akakohoa. "Hermila, usijibizane na Padri. Wewe si yule Jacinta."

Nikamtazama. "Doña Práxedes, nani amekuambia anaitwa Jacinta?"

Akainamia kikombe chake akakinywa chote kwa mkupuo, na ilikuwa ya moto.

Usidhani nilifurahi, dada. Simchukii Padri Leobardo. Anafunga, anawatembelea wagonjwa, viatu vyake vimetoboka. Nilitaka tu anielewe. Nilimwambia hivi: "Padri, yule mtu wa kwenye shuka alikuwa na bunduki na farasi na amri ya wakubwa, akapiga magoti bila mtu kumwandikia. Mimi nilipomwona, niliona kupiga magoti ni nini. Utaniambiaje hicho ni uchafu?" Akasema moyo wa mwanamke hudanganyika na muziki. Nikamwambia muziki haukuwapo pale. Alikuwa Bárbara peke yake.

Unaniambia ni mstari mmoja. Najua. Na Bikira nimemvalisha miaka kumi na tisa. Pini nazishika kwa midomo, arobaini na nne, na sijawahi kumeza hata moja wala kumchoma. Nguo za ndani nambadilisha macho nikiwa nimeinamisha. Nywele nazichana mwisho, kwa maji ya majani ya rosmari, taratibu kuanzia nchani. Nikizichana zile nywele, Veva, ninakuwaza wewe, na iko sababu. Siwezi kuiandika leo.

Swali langu umeniambia nisiliulize tena. Siliulizi. Nalitaja tu kwamba lipo.

Mdogo wako,
Hermila


Santa Inés Tlacotitla, 31 Oktoba 1948

Dada yangu,

Siku arobaini sasa sijapata neno lako. Kila mleta barua akipita Eleuterio anasimama mlangoni na mikono ya nta, na anarudi ndani ananiambia, "Bado yuko njiani," kana kwamba ni wewe mwenyewe unayekuja kwa miguu.

Tuko wazima. Funguo zimechukuliwa. Padri anasema ni kwa muda, nipate nafasi ya kutafakari. Doña Práxedes anazivaa kiunoni, na anapotembea zinalia, na nadhani anatembea zaidi ya zamani. Sokoni wanawake waliopiga magoti pamoja nami wananisalimu haraka haraka. Siwalaumu, wana mabinti wa kuozesha.

Kesho ni siku ya wafu, marehemu wetu wanakuja. Nimewatandikia meza. Baba nimemwekea mkate na chumvi, Mama kahawa yake isiyo na sukari. Na mwaka huu nimemwekea sigara Anselmo wako, baba yake Amparo. Sikuwahi kumwona uso, sijui alivuta nini. Nimeweka ya kawaida.

Kwa kuwa wanakuja na watasikia, nitasema leo, kwa wino.

La kwanza. Machi ya mwaka wa kumi na sita, adhuhuri, ulibisha hodi nyumbani. Mama alikujua kwa mwendo tangu ulipokuwa mbali barabarani. Akanishika mabega, akanisimamisha nyuma ya mlango, akaninong'oneza sikioni neno kwa neno. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikayasema kwa sauti: "Hapa hakuna anayeitwa Genoveva, wala hajawahi kuwako." Bárbara akalia saa sita. Kisha nikasikia nyayo zako zikienda. Mama akaniambia, "Umefanya vizuri," akanipa kipande cha sukari guru. Nilikila, Veva. Hilo ndilo ninaloliungama kila Kwaresima, na kila padri huniambia nilimtii mama yangu na hakuna dhambi hapo.

La pili ni nywele. Unakumbuka Mama alivyokukata msuko wa nywele kwa mkasi wa kondoo, kisa umeonekana uani ukicheka na askari, na kesho yake ukaondoka na huyo askari kichwa kikiwa kama cha kuku aliyenyonyolewa. Ule msuko hakuuchoma. Aliufunga kwenye kitambaa cheupe, akanituma kwa mama mmoja aliyekuwa akishonea sanamu nywele. "Angalau kitu kimoja chake kikae mahali pasafi," alisema. Tangu mwaka ule nywele za Bikira wetu ni zako. Yule mama amekufa, Mama amekufa, nimebaki mimi ninayejua. Mji mzima unazipigia magoti na mji mzima umekataza jina lako.

Sasa umeona kwa nini mstari mmoja wa Padri hautoki kinywani mwangu. Nimeshawahi kusema maneno ya kupewa, mara moja. Yalikuwa mafupi pia.

Nikatae au nisikatae, sijui nitakuwa na nguvu gani siku hiyo. Lakini ulikuwa na haki ya kujua kabla.

Hermila


Los Ángeles, 22 Novemba 1948

Mila,

Tu wazima wote. Nimechelewa. Barua yako ya Oktoba niliitia ndani ya cherehani siku tisa, mahali pa kuwekea uzi, na kila nikibadili uzi niliiona.

Nilijua kuwa ni wewe. Ulisema yale maneno kwa puani, kama ulivyokuwa ukikariri katekisimu. Nilijua na aliye nyuma yako. Wewe nilikukasirikia siku moja na nusu. Mama nilimkasirikia miaka ishirini na minne, na alipokufa sikujua niipeleke wapi hasira, ndiyo nikaanza kukuandikia.

Amparo alikuwa mgongoni mwangu siku ile, ana miezi mitatu. Nilikuja kumwonyesha tu. Sikuwa nakuja kukaa.

Kuhusu nywele nimekaa sana. Nilidhani alizitupa motoni. Amparo nilipomwambia alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mama, kwa hiyo watu wanakuomba wewe mvua." Mimi sikucheka mpaka kesho yake kiwandani, nikiwa peke yangu na kola. Zibaki huko huko. Zimepata kazi nzuri kuliko mimi.

Sasa nakujibu, maana umelipa. Tulicheka. Anselmo alikuja uani kwetu na amri ya kuchukua bata mzinga wa Mama. Akapekua jikoni, akapekua ghala, bata mzinga hawako, nilikuwa nimewafungia ndani ya tanuri la mkate. Nikamwambia, "Chini ya kuku hujaangalia." Akaangalia. Ndicho kicheko Mama alichokisikia, Mila. Kwa kicheko kimoja, msuko mzima. Na baada ya hapo tulicheka juu ya mabehewa ya treni mvua ikitunyeshea, tulicheka hatuna chumvi, nilijifungua nikicheka kwa sababu mkunga alikuwa sajini. Tulilia pia, anachosema Padri ni kweli nusu. Anselmo aliponifia mwaka wa kumi na tisa nililia mpaka wenzangu wakanibeba. Lakini nusu nyingine nayo ilikuwako, na nilidhani hakuna atakayeisema tena, mpaka nilipoiona ukutani mbele ya watu wanaokula karanga. Ndiyo maana niliiona mara tatu.

Alivuta chochote alichopewa. Usihangaike.

Na karatasi ya Padri usiisome. Nilikosea nilipokuambia uisome. Nilikuogopea, basi.

Dada yako,
Veva


Santa Inés Tlacotitla, 10 Desemba 1948

Dada yangu Veva,

Kristo, tumaini letu, akulinde na baridi ya huko kama ipo. Goti la kulia limepona lenyewe wiki hii, sijui limetishwa na nini. Eleuterio anakusalimu na anasema habari ya tanuri la mkate imemmaliza. Barua yako ilifika Jumamosi ya tarehe nne. Ingechelewa siku mbili ningekuwa mwanamke mwingine, au labda yule yule, ila mwenye hofu zaidi.

Jumapili Padri aliniita mbele baada ya mahubiri. Akanipa karatasi. Niliikunja, nikamrudishia mkononi kwa heshima, nikasema, "Padri, haya ni maneno yako na yameandikwa vizuri. Yangu ni haya. Niliiona ile sinema. Kengele yetu ilipolia nilipiga magoti. Nikiisikia tena, popote pale, nitapiga tena." Nikarudi kwenye benchi langu. Njia ilikuwa ndefu. Eleuterio alikuwa macho, na alisogea kunipisha kama anavyopishwa mke wa gavana.

Padri alikuwa mwekundu. Hakunifukuza. Alisema tu, "Bikira atavalishwa na mwingine," akaendelea na Nasadiki, na sauti yake haikuwa imara sana.

Basi Jumatano, sikukuu yenyewe, Doña Práxedes alimvalisha. Nilikwenda kwenye maandamano kama mtu yeyote, na mshumaa wa mume wangu. Vazi lilikuwa limekaa vizuri, sitamsingizia. Lakini nywele zina namna yake. Ukizibana kwa pini bila kuuanza msuko upande wa kushoto, hazishiki, na hilo halijui mtu ila mimi na wewe uliyekuwa ukizibana kila asubuhi mbele ya kioo cha Baba. Tulipokata kona ya ghala la don Fulgencio, wabebaji wakayumba kidogo, na msuko ukateleza kutoka chini ya taji, wote, mzito, mweusi, ukaanguka juu ya bega la Bikira mpaka kiunoni.

Watu wakashika vinywa. Maandamano yakasimama. Bikira wetu wa miaka mia mbili alisimama pale juani kama msichana anayetoka kisimani.

Doña Práxedes akanijia mbio, pini mkononi, jasho usoni. "Hermila, tafadhali. Panda urekebishe. Haraka, kabla Padri hajageuka."

Nilimtazama na kwa kweli nilimhurumia. Nikamwambia, "Ziache, Doña Práxedes. Mwenyewe alikuwa anazivaa hivyo hivyo."

"Mwenyewe nani?"

"Dada yangu Genoveva. Nywele ni zake. Mama yangu alizitoa mwaka wa kumi na nne."

Nilisema kwa sauti ile ile niliyosemea nyuma ya mlango, ila si kwa puani. Wakasikia safu nne mbele na nne nyuma, na wazee wakaanza, "Genoveva? Yule wa bata mzinga?" Mama mmoja mzee sana, simtaji, akasema, "Namkumbuka. Alikuwa na kicheko kinachofika mpaka sokoni." Miaka thelathini na minne, Veva, na walikuwa wakikukumbuka wakati wote, kila mtu kimya chake.

Padri Leobardo alikuwa amegeuka. Alikuwa amesikia. Nilingoja. Alimtazama Bikira na ule msuko, kisha akanitazama mimi, kisha akawaambia wabebaji, "Twendeni." Hakuna zaidi. Msuko haukuguswa. Ulizunguka mji mzima ukicheza begani, na tulipoingia uwanja wa kanisa Bárbara akaanza kulia na koo lake bovu, na wote tukashuka magoti mawili kwenye mawe. Mimi nilikuwa nacheka. Nilijificha nyuma ya mshumaa, lakini nilikuwa nacheka.

Funguo sijarudishiwa. Huenda nisirudishiwe kamwe, na inauma, nisikudanganye. Jana mikono yangu ilitafuta pini kwenye aproni bila mimi kuituma. Mishumaa ya Krismasi Padri bado hajaiagiza kwa Eleuterio na hatujui kama ataiagiza. Doña Práxedes amekuja kuuliza jinsi ya kusuka. Nimemfundisha. Nimemwambia aanze kushoto.

Don Fulgencio ataionyesha sinema tena Januari, wiki ya Mamajusi. Karatasi bado iko mlangoni, mstari mwekundu haujafutika. Nimemwambia aniwekee viti vitatu mbele. Akauliza, "Wewe, Eleuterio, na nani?" Nikamwambia jina lako.

Njoo na Amparo ukiweza, na kama huwezi mwaka huu, njoo utakapoweza. Ukifika mlangoni usibishe. Hodi ulishaipiga, adhuhuri ile. Ni mimi niliyechelewa kuitikia.

Karibu, dada.

Mdogo wako,
Hermila